Naomba ushauri: niyapukutishe lini majani ya miepo (mitufaha) ili maua yasikutane na jalidi (baridi inayogandisha), Njombe?

Wakuu, habari za majukumu. Nina miepo ya kubebeshwa aina ya Anna, na Dorsett Golden michache ya kuichavusha, bustanini nyuma ya nyumba. Nafasi ni mita 4, mashimo sm 60 kila upande, samadi iliyoiva madebe mawili kwa shimo.

Shida ni maua. Baridi yetu haitoshi kuulaza mti kikamilifu, kwa hiyo vichipukizi vya nchani vinafunguka mapema, vya chini vinabaki vimelala na tawi linakuwa tupu. Maua hayo machache yanayotangulia yanaangukia Juni na Julai. Ua lililofunguka huanza kufa joto likikaribia nyuzi -2. Petali zinabaki nyeupe kabisa, lakini ukilipasua kwa wembe unakuta katikati pameshakuwa peusi. Tunda halipo tena hapo.

Matawi nimeshayainamisha kwa kamba, kama nyuzi 60 kutoka wima. Nitasitisha maji baada ya mavuno, kisha nipukutishe majani yote kwa mkono, ili vichipukizi viamke kwa pamoja. Kuyang'oa kwa kuvuta chini sishauri, unaondoka na kichipukizi.

Sasa, wenye miepo Njombe, Makete au Uporoto: mnapukutisha mwezi gani, na maua yanatoka baada ya wiki ngapi? Je, Anna na Dorsett Golden mnazipukutisha siku moja, au mojawapo inatangulia ili zichanue pamoja? Naomba mnitajie na mwinuko wa shamba, maana bondeni jalidi hutuama.