Sinthi ya VST inafunguka kwenye Pure Data ila haitoi sauti

kinanda_usiku:
Wakuu habari, naombeni msaada. Natumia Pure Data (programu ya kutengeneza sauti kwa kuunganisha visanduku), nimeshusha [vstplugin~], kisanduku cha kufungulia plagini za VST, kupitia Deken, kipakuzi cha humohumo, plagini ya mwangwi inafanya kazi safi kabisa, maiki inaingia kavu inatoka na mwangwi wake. Shida ni sinthi, yaani plagini ya ala. Inafunguka vizuri tu, nikituma [vis 1( dirisha lake linatokea na vitufe vyote vipo, ila sauti hakuna, imetulia kama maji mtungini. Nimeichomekea [osc~ 440], kisanduku kinachotoa mlio wa hezi 440, wapi. Nimetuma namba 60, wapi. Jana nimekesha nayo mpaka nikaanza kuishuku spika.

waya_mwekundu:
Spika umeionea bure mkuu. Efekti inakula sauti, ala inakula noti, hiyo osc~ sinthi haina habari nayo kabisa. Na 60 peke yake haitoshi. Andika meseji [midi_note 1 60 100( uibonyeze. 1 ni chaneli, 60 ndiyo noti, yaani C ya katikati, 100 ni nguvu ya kupiga.

kinanda_usiku:
Imeliaaa 😂 ila sasa haikomi, imeng'ang'ania noti ileile

waya_mwekundu:
Si hujaachia kidole. Noti ya MIDI (lugha ya kuamrisha ala za kidijitali) haina urefu wake, inaanza ukiituma na nguvu na inakoma ukituma ileile kwa nguvu 0, kwa hiyo kwanza bonyeza [midi_note 1 60 0( inyamaze tupumzike. Halafu weka [makenote 100 500], wewe unaipa noti tu, yenyewe inaitoa na baada ya milisekunde 500 inaituma tena na sifuri. Matundu yake mawili ya kutolea, noti na nguvu, yaingize kwenye [pack 0 0] inayoyafunga pamoja, kushoto kwa kushoto, kulia kwa kulia, kisha [midi_note 1 $1 $2( ndiyo iende kwenye plagini, $1 inajazwa noti, $2 nguvu.

bass_nzito:
Naongezea kabla hujafika kwenye vitufe maana huko ndiko nilikoumia mimi. Ukituma [param_set 3 0.5( hiyo 3 ni namba ya parameta, na thamani inaanzia 0 inaishia 1, basi. Mimi nilikuwa natuma 2000 nikijua ni hezi za filta, inaruka mpaka mwisho inagota hapo. Slaida ya kibodi inayotoa 0 hadi 127 igawe kwa 127 kwanza. Halafu huku parameta zinahesabiwa kuanzia 0, ila ukihamia Max, programu nyingine ya aina hii, [vst~] yao inaanzia 1, na noti unatuma midievent 144 60 100, 144 ikiwa amri ya kupiga noti. Siku nahamisha pachi (mpangilio wangu wa visanduku) nilisahau hiyo tofauti ya moja, nikadhani nafungua filta taratibu kumbe napandisha volyumu, na hedifoni ziko masikioni.

kinanda_usiku:
Duh pole 😂 Makenote imekubali, noti zinakata zenyewe. Ile osc~ nimeichomoa, nilikuwa naihurumia tu.