Tupeane uzoefu: betri ya pikipiki, ulichagua ipi na uliichaji vipi?

Mzee wa Boxer:
Wakuu, salaam. Boxer yangu sasa ni ya kiki tu. Nikibonyeza selfu inalia "tik" na kunyamaza, honi nayo inakoroma. Nimezunguka maduka ya spea, kila muuzaji ana lake: huyu anasema chukua betri ya maji (ile ya kuongezwa maji), yule anasema kavu (iliyofungwa), mwingine anataka kunifungia kubwa kuliko iliyotoka kiwandani. Waliopitia haya walete uzoefu. Ila ile ya "nunua orijino tu" tuiache, maana kila boksi limeandikwa orijino.

Fundi wa Kona:
Mzee, kabla hujatoa hela, pima. Mita ya kawaida ya mafundi umeme inatosha. Asubuhi, pikipiki ikiwa imelala bila kuwashwa, betri nzima iliyojaa isome volti 12.6 hadi 12.8. Ikisoma 12.0 chaji imeisha, lakini huenda betri yenyewe bado ni nzima. Sasa washa kwa kiki, shikilia resi ya kati, pima tena palepale kwenye vichwa vya betri. Ikicheza kati ya 13.5 na 14.5, mfumo unachaji. Ikibaki kwenye 12 na kuendelea kushuka, angalia koili (inayozalisha umeme), rektifaya (inayogeuza na kudhibiti umeme huo) na soketi za waya zake, maana hata ukifunga betri mpya itakufa vilevile. Ikivuka 15, rektifaya imeshindwa kuzuia umeme: balbu zitaungua na maji ya betri yatachemka.

Nililetewa TVS ambayo mwenyewe alikuwa anatukana betri za siku hizi. Betri ilikuwa imevimba ubavuni. Kupima, mita inasoma 16 na ushee. Tulianza na rektifaya, betri ikafuata.

Dada Mwanza:
Mimi huenda dukani na betri ya zamani mkononi, biashara ya kuelezana kwa mdomo siitaki. Linganisha urefu, upana, kimo, na upande wa kichwa cha chanya. Betri za namba YTX7A na YTX7L zinafanana kwa jina tu, vipimo vyake ni tofauti, na ukizitazama kutoka upande wa vichwa, ya A ina chanya kushoto na ya L ina chanya kulia. Muuzaji mmoja alitaka kunipa iliyo kinyume, eti "igeuze tu, waya zitafika". Nikaiacha palepale kaunta.

Namba nazo zinasomeka. 12N5 ni volti 12, ampia-saa 5. Ukubwa kupita kiasi ni hela ya bure: haikai kwenye kikasha chake, na koili ya kuichaji ni ileile.

Kijana wa Songea:
Huku kwetu tuna chaja za magari na sola. Chaja ya gari inayosukuma ampia 10 msiitumie kwenye hivi vibetri. Kanuni ni sehemu moja ya kumi: betri ya 5 ichajiwe kwa nusu ampia, kama imeisha kabisa iache saa kumi au zaidi kidogo. Ukishika ubavu ukakuta wa moto, chomoa.

Waya za paneli kupeleka moja kwa moja kwenye betri, hapana. Paneli ya "volti 12" juani inafika 18 na zaidi. Weka kontrola (kidhibiti chaji) katikati. Na chajia penye hewa, mbali na jiko na sigara, ile gesi inalipuka.

Fundi wa Kona:
Niongezee kwenye ya maji. Ikiwa mpya, kile kikofia chekundu kwenye tundu la kupumulia kinang'olewa kabla ya kujaza asidi, na hakirudishwi. Nimeona watu wanakiacha, gesi inakosa pa kutokea, kasha linapasuka. Kibomba chake kipitishe kisibanwe na kisielekee kwenye mnyororo. Asidi inawekwa mara moja tu. Baadaye ikipungua ongeza maji yaliyosafishwa, yasivuke mstari wa juu. Ya kisima na bomba yana madini, yanaua sahani za ndani ya betri.

Kavu yenye kopo la asidi la vichupa sita: usitoboe foili ya kopo, geuza ubandike kopo juu ya matundu, asidi ishuke yenyewe. Subiri angalau nusu saa, ichaji, halafu gandamiza mfuniko. Ukishaufunga ndiyo basi, haufunguliwi tena.

Mzee wa Boxer:
Asanteni sana. Nimepima: ikiwashwa inapanda 14.1. Lakini ina kile kifaa cha kufuatilia pikipiki cha mkopo, na ikilala siku kadhaa ndipo inagoma. Kinaweza kuwa ndicho?

Fundi wa Kona:
Inawezekana kabisa. Zima swichi, fungua waya wa hasi, weka mita kati ya waya na kichwa cha betri kwenye kipimo cha miliampia. Usiguse selfu wakati huo, utaunguza fyuzi ya mita. Ikisoma 20, kwa siku ni karibu nusu ampia-saa, betri ya 5 inakauka ndani ya siku kumi hivi. Kifaa ni cha wenye mkopo, usikikate; waite wakikague, na pikipiki ikikaa bila kazi ichaji kila wiki.