Mrejesho: jedwali au CSS kwenye ukurasa wa safari za Kilimanjaro

Wakuu, niliuliza kama ukurasa wa wavuti wa ofisi ya utalii hapa Arusha upangwe kwa jedwali la HTML au kwa CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa kurasa. Asanteni sana, mpangilio wote sasa ni CSS.

Kadi za safari zinakaa ndani ya `display: grid`, na safu zake za wima (`grid-template-columns`) ni `repeat(auto-fit, minmax(260px, 1fr))`. Kwenye kompyuta zinapangana tatu au nne, kwenye simu zinashuka moja moja zenyewe. Picha nazo zipewe `max-width: 100%` na `height: auto`, la sivyo picha moja pana inatoka nje ya kadi yake.

Jambo linalosumbua wengi ni tegi ya `viewport`, ile ya HTML inayoiambia simu itumie upana wake halisi. Ikikosekana, simu hujifanya ina upana wa pikseli kama 980, maandishi yanakuwa madogo mno, na CSS nzuri yote haionekani kazi yake.

Jedwali limebaki sehemu moja, kwenye bei za njia za kupanda mlima: Marangu siku 5 au 6, Machame 6 au 7. Hizo ni data halisi, kwa hiyo vichwa vyake vina `th scope="col"` ili programu za kuwasomea wasioona zivitambue. Jedwali hilo lizungushieni `div` (kisanduku cha HTML) yenye `overflow-x: auto`, liteleze lenyewe bila kuburuta ukurasa mzima.