Tupeane uzoefu: vidonge vya kapesitabini na ngozi ya viganja kubabuka

Mama Pili
Wapendwa, natumia kapesitabini kwa saratani ya utumbo mpana, niko mzunguko wa tatu. Nameza asubuhi na jioni siku 14, kisha napumzika 7. Nywele zipo, kutapika si sana. Kilichonishinda ni viganja na nyayo. Vilianza kuwaka kama nimekata pilipili, vikawa vyekundu, sasa ngozi inabanduka kama ganda la kitunguu. Jana nilienda kurudisha laini ya simu iliyopotea. Kijana wa dukani alinifuta kidole kwa kitambaa, akanibonyezesha tena na tena, mashine ikakataa vidole vyote kumi. Waliokuwa kwenye foleni wakaniangalia kama nimeokota kitambulisho cha mtu. Nimelia kwenye daladala mpaka nyumbani. Aliyepitia haya alifanyaje?

Mwalimu Mstaafu
Pole sana mwanangu. Dawa hiyo inajulikana kufuta alama za vidole, si wewe peke yako. Mimi nilimwomba daktari barua yenye muhuri inayotaja dawa ninayotumia, nikawa natembea nayo pamoja na kitambulisho. Benki waliipokea bila shida. Nilipomaliza dozi zote, alama zilirudi taratibu.

Binti wa Tanga
Pole dada. Mama yangu anaitumia kwa saratani ya matiti, naye ni mama lishe. Muuguzi alipomuuliza kazi yake ndipo tukaelewa: kusonga ugali, mwiko unasugua kiganja kilekile kila siku, kukanda chapati, kuosha masufuria kwa maji ya moto. Joto na msuguano ndivyo vinavyochochea. Sasa mama anakaa kwenye hesabu, nasonga mimi. Anapaka krimu yenye urea asilimia 10, usiku anavaa soksi za pamba. Ikikosekana tunatumia mafuta ya mgando. Viatu vya kubana tumeviweka kando. Na tafadhali, nyayo zisisuguliwe na jiwe hata zikionekana chafu.

Baba wa Wanne
Naomba hili mlisome vizuri. Nilihisi damu imepungua, nikanunua vidonge vya kuongeza damu vyenye asidi ya foliki bila kumwambia daktari. Wiki haikuisha nikawa naharisha mara sita, saba kwa siku, mdomo umejaa vidonda hata uji haupiti. Kumbe asidi ya foliki inaongeza ukali wa kapesitabini. Nilisimamishwa dawa siku ileile na kuwekewa dripu. Kila unachomeza kitaje kliniki, hata mitishamba.

Dada Neema
Mimi nilificha maumivu nikiogopa kupunguziwa dozi, nikiamini saratani itapata nafasi. Siku niliyoshindwa kumfunga mwanangu vifungo vya sare ndipo nikasema. Daktari alinipumzisha wiki moja, akapunguza vidonge, tiba ikaendelea. Mama Pili, ngozi ikishabanduka usisubiri siku ya kliniki. Piga simu leo.

Mama Pili
Nimepiga. Nimeambiwa vya jioni nisimeze, nifike kesho saa mbili asubuhi wanione. Barua nitaiomba hapohapo. Mungu awabariki. Binti wa Tanga, hiyo krimu mama anapaka kabla ya kuoga au baada?

Binti wa Tanga
Baada, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Taulo anagusisha tu, hasugui. Na maji yawe ya uvuguvugu dada, si ya moto.