Saa inasema pumzi imekata tangu nihamie Dar. Niamini saa au miguu yangu?

Mbio za Jioni (mleta mada)

Wakuu, habari za wikiendi. Nina miaka 41, huu ni mwaka wa tatu nakimbia. Nilikuwa Arusha, kikazi nimehamishiwa Dar tangu Novemba. Kule Njiro nilizoea kilomita 8 za asubuhi, saa inanipa VO2 max (kile kipimo chake cha pumzi) 44 na sifa juu. Huku nakimbia jioni nikitoka kazini, Coco mpaka daraja la Tanzanite na kurudi, tambarare tupu, lakini namba inaporomoka tu: 43, 41, sasa 39.

Juzi ndiyo imenitisha. Nakimbia taratibu, napiga stori na jirani, nikatupa jicho mkononi: mapigo 178! Kwa ile hesabu ya 220 toa umri, mwisho wangu ni 179. Yaani nimebakiza pigo moja nizimike, na huku nasimulia mechi ya Simba.

Kosa langu ni kumwambia mama watoto. Sasa hataki kusikia habari za mbio mpaka nipimwe moyo, na nusu marathoni ya Kilimanjaro nimeshalipia. Saa si ya mchina wa njiani, nilitoa laki sita na ushee. Hivi vitu vinaaminika kweli?

Kobe Mwendo

Laki sita ili uambiwe umechoka? Mimi ngazi za ofisini huniambia bure.

Sista wa Zamu ya Usiku

Kaka, tuanze na la maana. Kifua kinabana ukikimbia? Kizunguzungu? Moyo kwenda mbio ukiwa umekaa tu? Kama lipo hata moja, weka saa pembeni uende hospitali, na hapo shemeji yuko sahihi.

Kama hakuna, ujue mtu mwenye 178 ya kweli kwa umri wako hasimulii mechi. Anajibu "ndiyo" na "hapana", basi. Kesho saa ikikuonyesha maajabu yake, simama, vidole viwili shingoni pembeni ya koo, hesabu sekunde 15, zidisha kwa 4. Usichelewe, maana ukisimama mapigo yanashuka upesi.

Fundi Mshale

Mleta mada, fungua programu ya saa kwenye simu, tafuta grafu ya hatua kwa dakika ya siku hiyohiyo. Naweka kreti ya soda kwamba utakuta 178 au jirani yake.

Iko hivi. Saa ya mkononi haiusikii moyo. Ile taa ya kijani inamulika ngozi, na damu inanyonya mwanga wa kijani. Moyo ukisukuma, damu inajaa kwenye vimishipa, mwanga unaorudi unapungua kidogo. Saa inahesabu huko kupungua na kuongezeka. Sasa ukikimbia mkono unarushwa kila hatua, damu inatikisika, na saa yenyewe inadundadunda juu ya ngozi. Mkimbiaji anapiga hatua 160 mpaka 180 kwa dakika, na mapigo yake nayo yako mlemle. Saa inasikia ngoma mbili kwa pamoja, inafuata yenye kishindo. Imehesabu miguu yako, mkuu.

Dalili yake: namba inaruka toka 140 hadi 175 ghafla, halafu inaganda hapo kana kwamba imepigiliwa msumari. Moyo haupandi hivyo, hasa ukiwa kwenye mwendo uleule.

Dawa ni kukaza mkanda na kuisogeza juu ya ule mfupa wa kifundo, kama vidole viwili. Wengi tunaivaa kama bangili. Wanaosema ngozi nyeusi ndiyo tatizo, ni kweli rangi ya ngozi inanyonya mwanga huo pia, ila tafiti zimepishana kuhusu ukubwa wa tofauti. Mimi nina weusi wa chungu na nikikaza vizuri inasoma. Kinachoniharibia zaidi ni mbio za vipande: nikichomoka mita 200, saa inastuka nikiwa nishamaliza.

Ukitaka uhakika nunua mkanda wa kifuani. Huo unasoma umeme wa moyo wenyewe, na si teknolojia ya jana. Polar wa Finland walitoa wa kwanza usio na waya mwaka 1982.

Chalii wa Sakina

Umeacha baridi ya Arusha ukaenda kukimbia ndani ya sufuria, unategemea nini? Joto likizidi, mwili unapeleka damu kwenye ngozi ili upoe, jasho nalo linapunguza maji ya damu. Moyo lazima uongeze mapigo kwa mwendo uleule. Na unyevunyevu wa huko hata jasho haukaushi. Hamia alfajiri.

Dada wa Maskati

Nathibitisha. Mimi niko Oman. Kiangazi kikianza namba yangu hushuka, hali ya hewa ikipoa hupanda, na mimi ni yuleyule. Kaka, saa nyingine husawazisha joto kwa kuchukua hali ya hewa kutoka kwenye simu. Kama huiunganishi na simu, haijui kama umehama Arusha.

Mwalimu wa Kilima (Eldoret)

Ndugu, hapo kwa 220 toa umri ndipo wengi hupotea. Ule ni wastani wa watu wengi uliochorwa miaka ya sabini mwanzoni. Watu wa umri mmoja hutofautiana kwa mapigo 10 au 12, juu ama chini, na hakuna aliye mgonjwa. Mimi nina 45, fomula inanipa 175, na nimeshaona 186 nikipanda kilima.

Sasa shida ni kwamba saa hujenga kila kitu juu ya namba hiyo. VO2 max yenyewe ni mililita za oksijeni ambazo kila kilo ya mwili inaweza kutumia kwa dakika, na hupimwa maabara ukiwa umevaa barakoa, ukikimbia kwa mashine hadi ushindwe. Saa haina barakoa. Inatazama kasi yako na mapigo yako, kisha inakadiria: "kwa kasi hii anatumia asilimia fulani ya moyo wake, basi uwezo wake ni huu." Ukiipa mapigo ya miguu, inaona mtu aliyekaribia kikomo kwa mwendo wa polepole. Lazima ikushushe.

Firstbeat wa Finland, watunzi wa hesabu hizi za saa, walionunuliwa na kampuni ya saa ya Garmin mwaka 2020, wenyewe husema makadirio yao hukosea kwa wastani wa kama asilimia 5, mapigo ya juu yakiwa yamewekwa sawa. Kwako hiyo ni pointi mbili hivi. Kwa hiyo 44 kwenda 43 si habari. 44 kwenda 39 ni habari, ila huenda ni ya mkanda uliolegea.

Jipime kwa njia ya zamani. Mwaka 1968 Dkt. Kenneth Cooper alieleza jaribio la dakika 12. Nenda uwanjani, kimbia dakika 12 kwa nguvu zako zote, pima mita. Toa 504.9, gawanya kwa 44.73. Nayo ni makadirio, lakini haiangalii moyo kabisa. Daktari akuruhusu kwanza.

Babu Presha

Mimi nina 58, natumia dawa ya presha ya aina ile inayopunguza mapigo. Saa ikaniambia nina pumzi ya kijana wa 30. Nikaringa kijiweni wiki nzima. Nilipomwonyesha daktari akacheka: mapigo yako chini kwa sababu ya kidonge, saa inadhani ni mazoezi.

Mbio za Jioni

Wakuu, narudi baada ya wiki tatu.

Mama watoto hakukubali porojo, nikapima ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo. Moyo uko sawa. Hatua kwa dakika siku ile: 178. Fundi wewe ni mchawi. Siku iliyofuata ilionyesha 176, nikasimama nikahesabu shingoni: 37 kwa sekunde 15, yaani 148. Nimeazima mkanda wa kifuani, nikapanda mlima wa Pugu mara tatu kwa hasira, nikaona 188, si 179. Nimeirekebisha kwenye saa.

Jaribio la Cooper nimelifanya alfajiri: mita 2,350, kama 41. Saa nayo imepanda mpaka 42. Kwa hiyo kweli nimeshuka kidogo tangu Arusha, Desemba ilikuwa ya pilau. Lakini si kama ilivyonitangazia.

Sista wa Zamu ya Usiku

Msalimie shemeji.

Fundi Mshale

Kreti yangu iko wapi?

Mbio za Jioni

Utaikuta Moshi mstari wa kumalizia, chupa utabeba mwenyewe. Swali la mwisho: huu mkanda wa watu umeanza kunuka. Unafuliwa kwa sabuni?

Mwalimu wa Kilima (Eldoret)

Ng'oa kile kidude cha mbele kwanza. Suuza kwa maji kila ukimaliza kukimbia, sabuni laini mara moja kwa wiki, anika kivulini. Na umrudishie mwenyewe kabla hajauliza.