Mjadala: Shairi la mwanafunzi liwekwe mtandaoni likiwa bichi, au lisubiri daftarini?

Mtoa mada

Wakuu, hoja ni hii. Makundi ya WhatsApp na kurasa za Facebook zimejaa mashairi ya wanafunzi wa sekondari. Mengi ni guni, yaani yamevunja kanuni: mizani (hesabu ya silabi) inapanda na kushuka kama bei ya nyanya, kina cha kati (silabi inayofanana katikati ya mishororo) kinapotelea ubeti wa pili, na kibwagizo hakifanani na chochote kilichotangulia. Msimamo wangu ni kwamba mwanafunzi asiweke shairi hadharani mpaka limepita mikononi mwa mtu mmoja anayejua arudhi, yaani kanuni za utunzi. Siyo wivu. Tatizo ni kwamba sifa za mtandaoni zinafika ndani ya dakika mbili, na zinasifu ujumbe tu. "Umetisha", "moto sana", basi. Kosa likishapigiwa makofi linaota mizizi, na mwalimu akiligusa kesho yake anaonekana mchawi.

Wenye hoja tofauti karibuni, ila njooni na mfano mkononi.

Mpwani 254

Mtoa mada, nakupinga. Ushairi wetu haukuzaliwa daftarini. Mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa hakusubiri kuchapishwa. Watu waliyashika mashairi yake kwa vichwa, yakasemwa na kujibiwa, na hata yalipokusanywa baadaye yalitoka midomoni mwa wazee. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Tanganyika 1923, lilikuwa na nafasi ya mashairi ambamo mtu anatupa fumbo na mwingine anamjibu kwa vina vilevile. Huko ndiko watu walikosolewa wakanyooka. WhatsApp ni baraza tu, tofauti ni kwamba hakuna kahawa chungu wala kashata.

Ukimfungia kijana kwenye daftari mpaka akomae, atakomalia huko huko peke yake. Shairi linataka mjibu.

Fundi Mizani

Hapo kwenye "mjibu" ndipo mnapokutana bila kujua. Mambo Leo walikuwepo wajibu waliohesabu. Kundi la darasa la siku hizi lina wajibu 200 wanaobonyeza moyo mwekundu. Kwa hiyo swali ni nani atakayehesabu, na wapi.

Tuone kwa macho. Ubeti huu nimeutunga makusudi kwa makosa yanayojirudia sana, tusije tukamwaibisha mtoto wa mtu. Ni tarbia, mishororo minne, mizani 16 kila mshororo, 8 ukwapi (nusu ya kwanza) na 8 utao (nusu ya pili):

Simu yangu mkononi, usiku nimeiwasha,
Maneno mengi moyoni, kidole nakikawisha,
Nikiandika gizani, shairi langu linanikumbusha,
Mama aniita ndani, asema kumeshakucha.

Ukisoma kwa macho tu unapita salama. Sasa pigeni vidole mezani.

Mshororo wa kwanza: si-mu-ya-ngu-m-ko-no-ni. Nane. Wengi huhesabu saba kwa sababu wanaimeza ile "m" ya "mkononi". Inasimama peke yake, ni silabi kamili, kama kwenye "mtu" au "mtoto". Lakini "mb" ya "kumbusha" haisimami, inakwenda pamoja na irabu yake: ku-mbu-sha. Asiyejua tofauti hiyo atakosea kila ubeti, na hatajua kwa nini wimbo unamkwama kooni.

Mshororo wa tatu, utao: sha-i-ri-la-ngu-li-na-ni-ku-mbu-sha. Kumi na moja, yaani tatu zimezidi. Vijana wengi hapa hukimbilia kuongeza maneno kwenye mishororo mingine ili ilingane na huu, na shairi zima linavimba. Dawa ni kukata. Ondoa "langu", zimetoka mbili. Badili "lina-" iwe "la-", imetoka moja. Unabaki na "shairi lanikumbusha", nane, na Kiswahili hakijaumia hata kidogo.

Mshororo wa nne ndio mtego. A-se-ma-ku-me-sha-ku-cha ni nane safi. Lakini kina ni "sha" na hapa pana "cha". Sikio lililozoea muziki wa redio linakubali, arudhi haikubali. Weka "asema ninajichosha": nane, na kina kimerudi nyumbani.

Marekebisho mawili hayo hayachukui robo saa, ila nakuhakikishia hakuna moyo mwekundu utakaomwonyesha.

Kalamu Huru

Fundi, kazi nzuri, lakini mnajadili kana kwamba shairi ni tarbia peke yake. Mshairi Amri Abedi alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga 1954. Miaka 20 baadaye, 1974, mwandishi Kezilahabi akaleta diwani (mkusanyo wa mashairi) isiyofuata vina wala mizani, na ugomvi uliozuka haujaisha hadi leo. Na wanafunzi wanasomeshwa aina zote mbili. Kwa nini kijana anayeandika kuhusu simu, mapenzi ya shuleni na usiku wa mitihani alazimishwe kuvaa kanzu ya 1954?

Fundi Mizani

Hakuna anayemlazimisha. Ila shairi huru nalo lina kazi yake, na ni ngumu zaidi kwa anayeanza kwa sababu hakuna kidole cha kuhesabia. Chukua ubeti uleule uufanye huru:

Simu mkononi.
Mama anaita.
Kidole kimeganda juu ya neno moja
na neno lenyewe
halitaki.

Kila mstari hapo umekatwa kwa sababu. "Na neno lenyewe" ni mshata, haujitoshelezi, unamsukuma msomaji chini atafute kilichobaki, akifika anakuta neno moja tu. Ukikata mahali pengine popote nguvu inakwisha. Jaribio ni jepesi: andika maneno yote kwa mfululizo kama aya ya insha. Kama hakuna kilichopotea, hiyo ilikuwa insha toka mwanzo, imebonyezewa mistari tu.

Na wapo wanaojiita huru kwa kuwa wameshindwa kupata kina cha nne. Hao wanajulikana.

Mpwani 254

Haha. Hilo la mwisho nakubali.

Dada Mhariri

Naomba niongeze upande wa chombo chenyewe, maana nusu ya makosa yanatoka kwenye simu.

Kwanza upana. Mshororo wa mizani 16 unachukua herufi 35 hadi 40 na nafasi zake. Kioo cha simu nyingi hakiufikishi mwisho, kwa hiyo unajikunja wenyewe baada ya neno la kwanza au la pili la utao. Msomaji anaona mistari mirefu na mifupi bila mpango, kina cha kati kinazama, shairi linaonekana huru lisilo huru. Tarbia ya simu iandike kwa mistari minane: ukwapi juu, utao chini yake, halafu mstari mtupu kati ya beti. Kulipiga picha shairi zima ni njia ya uvivu. Picha inakula bando, haitafutiki, na msomaji asiyeona vizuri anayetegemea simu imsomee hapati kitu.

Pili urefu. Ujumbe mrefu WhatsApp inaukata na kuweka "soma zaidi". Wengi hawabonyezi. Shairi la beti 12 litasomwa beti tatu za mwanzo, na kibwagizo chako kizuri cha mwisho kimelala huko chini. Beti 5 hadi 7 zinatosha.

Tatu kibodi. Simu iliyowekwa Kiingereza inasahihisha Kiswahili kwa nguvu: "kama" inageuka "karma", "sana" inageuka kitu kingine kabisa. Ingia kwenye mipangilio ya kibodi, ongeza Kiswahili kwenye lugha, kisha zima usahihishaji wa kujiendesha. Hata baada ya hapo soma tena.

Nne, zile "xaxa", "cjui", "m2". Ufupisho ule ulikuwa na sababu siku za meseji ya herufi 160, maana ukizidisha unalipia ya pili. Sababu hiyo imekufa. Kwenye shairi la mizani ni balaa zaidi: "cjui" ina silabi ngapi? Tatu, si-ju-i, lakini jicho linaona mbili. Mwandishi mwenyewe anapotea kwenye hesabu yake. Mhusika wa hadithi akiandikiana meseji na mwenzake, hapo sawa, ruhusa, ndivyo anavyoongea.

Mwanafunzi K3

Shikamooni wakubwa. Naomba kuuliza kwa heshima. Mnasema shairi lipitie kwa mtu anayejua. Shule nyingi mwalimu wa Kiswahili ana madarasa manne na madaftari ya kusahihisha mpaka usiku. Huyo mtu atatoka wapi? Na wengine wanaandika mtandaoni kwa sababu hawataki mwalimu ajue yaliyo moyoni.

Mtoa mada

Marahaba mwanangu. Swali lako limenibana, nakiri. Kama mtu hayupo, basi angalau usiku mmoja upite kati ya kuandika na kutuma.

Fundi Mizani

Marahaba. Mtu huyo anaweza kuwa mwenzako wa dawati, mradi mgawane kazi. Fanyeni hivi. Kwenye karatasi yenye mistari piga msitari wa wima katikati, kushoto ukwapi, kulia utao. Kabla ya kuandika chochote chagua vina na uorodheshe maneno pembeni. Ukitaka mtiririko, yaani vina vilevile toka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, kwa beti 7 za mishororo minne unahitaji maneno 28 kila upande. Ukiishia 12 badili kina mapema, au tumia ukaraguni ambapo kila ubeti una vina vyake. Kina cha "-ni" ni cha bure kwa sababu ya mkononi, moyoni, gizani, lakini ukikila chote shairi linakuwa orodha ya mahali. Tazama ubeti wangu pale juu: maneno yote manne ya kati ni ya mahali. Ni udhaifu, nimeuacha makusudi.

Kisha mwenzako asome kwa sauti, wewe upige vidole. Usijisomee mwenyewe. Mtunzi akijisomea anavuta silabi iliyopungua na kumeza iliyozidi bila kujitambua. Mtu mwingine atajikwaa palepale penye kosa. Huhitaji hata akueleze, wewe weka alama alipojikwaa.

Kuhusu siri ya moyo, hilo ni jambo jingine na ni la haki. Badili mhusika. "Mimi" wa shairi si lazima awe wewe.

Dada Mhariri

Hapo nisaidie kukazia, kwa sababu ndiko madhara halisi yaliko. Guni haijamuumiza mtu. Kinachoumiza ni mtoto wa miaka 15 kuweka shairi la huzuni pamoja na jina lake kamili, jina la shule na picha ya sare. Mitandao mingi inaanzia miaka 13, lakini umri huo haumlindi na mtu mzima anayeanza kwa "shairi zuri, nitumie namba yako nikusaidie kuchapisha". Jina la kalamu, hakuna shule, hakuna mtaa. Na mtu akileta mkataba kwa aliye chini ya miaka 18, mzungumzaji ni mzazi au mlezi.

Wizi nao upo, wa kunakili na kufuta jina la chini. Kisheria, Tanzania na Kenya, hakimiliki inazaliwa pale kazi inapoandikwa, bila kusajili, na inadumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada yake. Ila ugomvi wenyewe ni ushahidi. Tunza rasimu ya karatasi yenye tarehe na jitumie nakala kwa barua pepe.

Mpwani 254

Na wazee walikuwa na dawa nzuri kuliko zote: jina ndani ya ubeti wa mwisho. Tenzi nyingi hufunga kwa mtunzi kujitaja, pengine na tarehe na idadi ya beti. Mwizi akitaka kulifuta avunje mizani na vina, na kuvunja bila kuacha alama kunahitaji ujuzi, na mwenye ujuzi huo haibi. Jina la kalamu la silabi tatu au nne linaingia popote. Kijana achague jina lake akiwa ameshalihesabu.

Kalamu Huru

Safi sana hiyo. Kwa shairi huru haifanyi kazi, lakini safi.

Jambo moja limesahaulika: mashindano. Mengi yanataka kazi isiyowahi kuchapishwa, na yapo yanayohesabu mtandao kuwa ni kuchapisha. Mwenye shairi analolipenda kuliko yote alifiche hilo moja, ayatupe mengine barazani. Hadithi za "Sehemu ya 1, itaendelea" nazo zina ugonjwa wake: mtu anaanza kutuma kabla hajaujua mwisho, sehemu ya 9 wasomaji wanadai, anaua mhusika ili apumue. Andika zote kwanza, hata kama ni 10, ndipo utume ya kwanza.

Mtoa mada

Hapo tunakubaliana kabisa, na ndiyo hoja yangu kwa nguo nyingine.

Mpwani 254

Siyo. Wewe ulisema asubiri ruhusa. Sisi tunasema asubiri usiku mmoja na mwenzake wa dawati.

Na kwa wanaodai mazingira hayaruhusu: mshairi Abdilatif Abdalla alitunga gerezani kati ya 1969 na 1972, kwenye karatasi za chooni, na arudhi yake ni ya kufundishia.

Mwanafunzi K3

Ahsanteni sana. La mwisho: "daftari" ni mizani mitatu au minne? Nina ukwapi unaosema "Daftari langu la kwanza".

Fundi Mizani

Daf-ta-ri, tatu. Ukwapi wako una nane, uko sawa. Ila wako wanaotamka "dafutari" wakiimba, hao watapata tisa.

Mpwani 254

Anayeimba ndiye mwenye shairi, Fundi. Mahadhi hayasomi karatasi. Hiyo "f" haikai bila kiti, ni minne.

Fundi Mizani

Basi na "maktaba" na "labda" zote uzirefushe? Achague njia moja, aishike shairi zima.

Mwanafunzi K3

Nimeliondoa. Sasa ni "Kitabu changu cha kwanza". Hesabuni.