Haidromofoni ya kujidunga kliniki: ni tiba au ni kumlisha mraibu?

Mleta mada: Vancouver, Kanada, waraibu wa heroini walioshindwa na methadoni (dawa mbadala ya heroini) hupewa haidromofoni (dawa kali ya maumivu, jamii ya morfini) wajidunge kliniki, muuguzi akiwaangalia. Napinga. Muhimbili inatoa methadoni ya kunywa tangu 2011, hakuna sindano.

Muuguzi: Mkuu, hata huko methadoni ndiyo hutangulia. Sindano ni ya yule aliyeijaribu na bado anajidunga mtaani. Utafiti wa NAOMI wa 2009 uliwachukua watu wa aina hiyo 251. Baada ya mwaka, 87.8% ya waliojidunga heroini ya hospitali walikuwa bado kwenye tiba au wameachana na dawa haramu. Wa methadoni 54.1%. Utafiti mwingine, SALOME wa 2016, ukaonyesha haidromofoni haipitwi na heroini hiyo.

Na si kugawa ovyo. Mgonjwa huja hadi mara tatu kwa siku. Kabla ya kupewa bomba hukaguliwa: anasinzia? ulimi mzito? ananuka pombe? Akiwa hivyo, dozi hupunguzwa au huahirishwa. Akishajidunga hukaa dakika 15 hadi 30, oksijeni na naloksoni (dawa ya kumzindua aliyezidiwa) zikiwa karibu. Dozi hupandishwa taratibu, kikomo 200 mg kwa mara moja na 500 mg kwa siku. Akikosa siku kadhaa hushushwa, maana mwili umeshasahau dawa. Ukimrudishia ile ya zamani unaweza kumuua.

Mleta mada: NAOMI hiyohiyo ina watu 10 waliozidiwa na dozi na 6 waliopata degedege. Mbona hamzitaji?

Muuguzi: Ni kweli, na ndiyo sababu ya zile dakika 15 hadi 30. Akizidiwa pale anapewa hewa papo hapo. Akizidiwa kichochoroni, nani anamwona?

Mfamasia: Mimi ugumu nauona kwingine. Haidromofoni huisha mwilini baada ya saa chache, kwa hiyo usiku arosto (mateso ya kukosa dawa) inarudi. Wengi huongezewa methadoni ya kunywa jioni. Na safari tatu kwa siku, mtu atafanya kazi gani?

Kwetu naomba tuanze na hao wanaoitwa walioshindwa. Mraibu mwenye TB akianza rifampisini, ini huivunja methadoni haraka kuliko kawaida. Kikombe ni kilekile, ila dawa haifiki jioni. Arosto inamrudisha kwenye unga, na faili linaandikwa kuwa tiba imemshinda. Efavirenzi ya VVU hufanya vilevile. Apandishiwe dozi ya methadoni kwanza, na dawa ya TB ikiisha ishushwe taratibu, la sivyo itamzidi. Akishindwa baada ya hapo, nami nitaiunga mkono sindano.